Mashine Iliyomjibu Kila Mtu

Mlango usouliza, ni nani anayebisha,
Mauti huyaingiza, na maisha hukatisha.

Mashine ya zamani ilichomolewa waya asubuhi. Saa sita mchana ilikuwa bado inajibu.

Ilikuwa katika ofisi ya kusajili majina ya tovuti, yenye watu wawili: msajili, na kaka wa mkewe, ambaye hata wateja walimwita Shemeji. Mashine mpya iliyowekwa mahali pake ilimtaka kila anayeuliza mwenye tovuti ajitambulishe kwanza, ndipo imjibu kwa siri. Ile ya zamani ilimwaga jina na anwani ya mwenye tovuti kwa yeyote.

“Shemeji, hiyo inakula umeme wa wapi?” msajili aliuliza.

“Labda inapenda kazi kuliko wewe.”

Kwenye skrini likatokea swali lisilo na muulizaji: mwenye tovuti ya viatu ni nani? Mashine ikataja. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita, na ng'ambo ya barabara muuza viatu akarushwa nje kupitia kioo cha duka lake, uso umegeukia mgongoni.

Swali la pili lilimtafuta daktari wa meno wa ghorofa ya juu. Dari ilitikisika mara tatu, kisha damu ikaanza kudondoka kutoka kwenye taa.

La tatu liliulizia tovuti ya fundi cherehani: mke wa msajili, aliyekuwa nyumbani akishona. Taa ya kijani ya mashine ikaanza kumeta, ikitafuta jina.

“Mfute dada yangu,” Shemeji alinong'ona.

“Nikifuta, itatoa nakala ya jana. Lazima paandikwe mtu mwingine.”

“Basi niandike mimi.”

“Umechelewa, bwana. Nimeshajaza.”

Shemeji akasoma: jina la msajili, na anwani ya chumba kile kile.

Mlango ulifunguka bila kuguswa, harufu ikajaa hadi koo likawaka, na kitu kisichoonekana, kinachokoroma kama ng'ombe aliyechinjwa, kikamwinua msajili kwa taya, kikambamiza ukutani, kikamrudisha mezani, kikamvunja mkono ulioandika, kisha wa pili, huku Shemeji akiishindilia mashine kwa mtungi wa kuzimia moto, akapiga, akapiga tena, vidole vikichanwa na mabati, hata taa yake ya kijani ikazimika, harufu ikakatika, na msajili akaanguka sakafuni, ameshakata roho.

Simu ya marehemu ikalia. Shemeji akapokea.

“Kaka? Mbona wewe? Mume wangu yuko wapi?”

Aliutazama mwili sakafuni. Katika chumba kile aliyebaki amesimama alikuwa yeye peke yake.