Matundu Tisa Kwenye Tumbaku

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, Getruda aliingia kwenye banda la chama cha wakulima wa tumbaku, nje kidogo ya stesheni ya Igalula, akasimama ghafla kama kagonga ukuta.

Marobota matatu yalikuwa yametobolewa. Siyo kuchanika, jamani. Kutobolewa! Kila robota lina matundu matatu kwenye mstari mmoja, na kila tundu ngumi ya mtu mzima inaingia. Matatu mara matatu, tisa.

Getruda ndiye mpanga madaraja wa chama. Anashika jani, analinusa, anakwambia limekaushwa kwenye bani la nani, lile banda la moshi la kukaushia. Kwa hiyo alijua hasara yake pale pale. Robota lenye tundu mnunuzi hagusi, maana unyevu unaingia, ukungu unaota, tumbaku inaoza kuanzia ndani. Na wiki ijayo ndiyo soko.

Hatua nne kutoka pale limepaki trekta jipya la chama. Kwenye mikono yake ya mbele, ile ya kunyanyulia mizigo, imefungwa mikuki mitatu ya chuma, minene kwenye shina, imechongoka kwenye ncha. Chini, juu ya chaga la mbao, yamelala meno mawili bapa, marefu, hayana hata mkwaruzo.

Muuza mashine wa Mtendeni, mjini Tabora, alileta seti zote mbili zijaribiwe. Siku hiyo saa nane mchana wanachama walikuwa wachague moja, nyingine irudi. Katibu Gerson alikuwa anapigania mikuki. Dereva, Reveriani, alikuwa anataka meno bapa. Jumatatu walizozana mbele za watu mpaka Katibu akamwambia, "Kazi yako ni usukani, siyo maoni."

Sasa matundu matatu matatu, na mikuki mitatu. Nani atafikiria mwingine?

Ilipofika saa mbili banda limejaa watu. Mwenyekiti, mzee Amon, alizunguka marobota mara moja tu, akamgeukia Reveriani.

"Wewe."

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi nini?"

"Shikamoo yako kaa nayo! Umeharibu tumbaku za watu ili kuonyesha kwamba mikuki haifai. Umeshindwa kubishana, ukaja kufanya hivi?"

"Mzee, mimi siwezi..."

"Jana alasiri," Katibu Gerson alidakia, simu mkononi, miwani kichwani. "Kijiji kizima tulikuwa makaburini kumzika mama Magreth. Nani alibaki hapa peke yake? Mimi niliondoka mazishini mapema, saa tisa na robo nikawa ofisini. Nilisikia trekta linaunguruma kwa masikio yangu."

"Nilikuwa napaka grisi! Sikuliwasha hata kidogo!"

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona.

Mzee Amon akapaza sauti, makuli waliokuwa nje nao wasikie: "Ndiyo shida ya kuchukua watu wa kambini. Mkutano ukiisha napiga simu polisi. Na ukitoka huko urudi kwenu, Burundi!"

Reveriani kazaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi hapa hapa Tabora. Mama yake kazaliwa Ulyankulu. Uraia anao na kadi anayo. Mkewe alikuwa amemaliza tu kupanda mchicha nyuma ya nyumba ya kupanga. Reveriani alikaa kwenye gogo, mikono katikati ya magoti, akaangalia chini.

Getruda alimtazama, akatazama marobota. Kuna kitu hakikumkaa sawa, ila hakujua ni nini. Akatoa simu, akapiga picha kila tundu, sarafu ya mia mbili pembeni kuonyesha ukubwa.

"Mwenyekiti, nipe mpaka saa nane."

"Ya nini?"

"Niulize watu."

"Ona huyu," alicheka Fikiri, kiongozi wa makuli. "Umechoka kupanga madaraja ya majani, sasa unatupanga sisi?"

"Na wewe ndiye daraja la kwanza, Fikiri. Njoo hapa."

Watu waliguna. Maana Fikiri naye alikuwa na sababu. Marobota yote yanapandishwa kwenye lori kwa migongo ya vijana wake. Babu zao walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani kwa miguu, na Fikiri hachoki kulisema hilo. Toka trekta lifike alikuwa anazunguka akisema, "Hiyo mashine itatula wazima wazima."

Saa tatu na dakika kumi, Getruda alimkalisha kwenye mzani.

"Mtaimbo wako uko wapi?"

"Ule pale. Unataka kusema nimechukua mtaimbo nikatoboa tumbaku?"

"Wewe hulitaki trekta."

"Silitaki! Nimesema hadharani. Lakini robota moja hapo ni la shemeji yangu. Nitoboe nikale wapi?"

Getruda alichukua mtaimbo akauingiza kwenye tundu la kwanza. Mdomoni ulicheza kushoto na kulia kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Ndani kabisa ukabana. Tundu lilikuwa pana nje, jembamba ndani. Mtaimbo una unene ule ule juu mpaka chini. Hauwezi kuchimba tundu la namna hiyo hata siku moja.

"Haya, ondoka. Siyo wewe."

"Nilikwambia!"

"Ni mikuki ya trekta kweli," alisema Getruda, na sauti yake ilishuka. Kule kwenye gogo Reveriani aliinua kichwa, akakirudisha chini.

Lakini mtaimbo ulikuwa bado umebaki ndani ya tundu, na Getruda akaona ncha yake ya nje imeinuka juu. Akaujaribu kwenye tundu la pili, na la tatu. Yote tisa yalikuwa yameingia yakielekea chini, kwenye ardhi.

Akamwita dereva. "Kaka Reveriani, ukitaka kuingiza mikuki kwenye mzigo unafanyaje?"

"Kwanza unailaza sawa. Kuna mkono mmoja wa kupandisha na kushusha, na mwingine wa kulaza ncha. Usipolaza, ncha zinainama, unachimba mzigo badala ya kuubeba."

"Wewe unaweza kusahau?"

"Dada, mimi nimesomea hii kazi. Ni sawa na wewe usahau kushona mdomo wa robota."

Hoja ilikuwa nzuri, ila haitoshi. Mzee Amon angesema dereva kafanya makusudi. Getruda aliwasha tochi ya simu, akaingiza mkono ndani ya tundu mpaka kiwiko. Akagusa majani. Yalikuwa yamejikunja kuelekea ndani, laini, mazima kama kitambaa. Akatoa mkono akauangalia. Safi! Hakuna hata chenga moja.

Akageuka haraka.

"Fikiri! Rudi!"

"Tena?"

"Leo asubuhi ulisikia trekta?"

"Nilisikia. Saa kumi na mbili na kitu, nilikuwa napiga mswaki. Nikajua ni Reveriani analipasha moto."

"Mbona hukusema?"

"Si mmeuliza jana alasiri? Kila mtu hapa anaulizwa jana alasiri!"

Kweli kabisa. Asubuhi nzima watu walikuwa wanajibizana kuhusu jana alasiri, na hiyo jana alasiri ilitoka kwenye mdomo wa mtu mmoja.

"Na Reveriani saa kumi na mbili leo alikuwa wapi?"

"Misa ya asubuhi, si yumo kwenye kwaya?" alisema mama mmoja pale kwenye nguzo. "Alikuwa nyuma yangu anaimba besi mpaka masikio yakaniuma."

Saa nane mkutano ukaanza. Getruda aliwaacha wasome ajenda, wasome muhtasari, mpaka saa tisa kamili, jua likiwa limepiga bandani tangu mchana. Banda lile lina paa tu, kuta halina. Akasimama.

"Mwenyekiti, lile robota zima la mwisho kule ni la kwangu. Naomba Reveriani alitoboe."

"Umechanganyikiwa?"

"Ni langu, mzee. Nitalifungua nilishone upya."

Reveriani alipanda trekta, akalaza mikuki, akasogea polepole. Mikuki iliingia, na wote wakasikia kah-kah-kah, kama mtu anakanyaga majani makavu. Alipoichomoa, chenga zilimwagika chini kama majani ya chai. Getruda akaingiza mkono kwenye tundu, akautoa umejaa vumbi la tumbaku mpaka kwenye kiwiko.

"Nyie ni wakulima, hili sihitaji kuwafundisha. Mnafungua bani usiku jani linywe unyevu, mnafunga alfajiri. Kwa nini?"

"Mchana linavunjika!" watu walijibu pamoja.

"Haya. Ingizeni mikono kwenye matundu tisa mnitafutie chenga."

Walipanga foleni. Hakuna aliyepata.

"Labda alifagia," alisema Katibu Gerson.

"Chini unaweza kufagia, Katibu. Ndani ya tundu utafagia na nini? Tumbaku hii ilitobolewa asubuhi, ikiwa na umande. Fikiri amesikia trekta. Reveriani alikuwa kanisani, kwaya nzima ni mashahidi. Ufunguo wa pili wa trekta uko wapi?"

"Ofisini," alisema mzee Amon taratibu. "Kwenye droo ya Katibu."

"Nilisikia jana!" Gerson alisimama. "Saa tisa na robo, nilikuwa ofisini!"

Getruda alikuwa ameshaifungua simu. Ilikuwa video ya mazishi aliyowarekodia watoto wa marehemu walioko Dar. Saa imeandikwa pale: tisa na dakika kumi na nane. Mchungaji anaomba, watu wanatupa udongo. Na pale nyuma, koleo mkononi, miwani kichwani, nani? Katibu Gerson.

Simu ilipita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Gerson mwenyewe hakuiangalia.

"Nilitaka kujaribu tu," alisema. "Mara moja, kabla ya mkutano. Niliona video, wazungu wanachoma marobota ya nyasi kwa mikuki, wanabeba kama mchezo. Nikasema robota ni robota. Nimewaambia mwezi mzima mikuki ndiyo yenyewe. La kwanza lilipokataa kunyanyuka nikajua nimekosea kidogo, nikajaribu la pili. Halafu la tatu."

"Ukaona bora kijana afungwe?"

"Mngenicheka, Mwenyekiti. Mwezi wa tisa kuna uchaguzi. Nani angempa kura katibu asiyejua kutofautisha tumbaku na nyasi?"

"Sasa tutakupa nini?" aliuliza Fikiri, na safari hii hakucheka.

Wanachama walimsimamisha ukatibu pale pale, na marobota matatu akaambiwa ayafidie kwa tumbaku ya bani lake mwenyewe. Mzee Amon akakohoa, akamgeukia dereva.

"Haya, kijana. Yamekwisha. Meno bapa yapite, au siyo? Twende kwenye ajenda nyingine."

Reveriani alishuka kwenye trekta.

"Bado, mzee. Asubuhi ulisema nirudi kwetu. Ulisema kwa sauti, mpaka makuli nje walisikia. Naomba uniambie kwa sauti ile ile, kwetu ni wapi?"

Mzee Amon alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Alianza kwa sauti ya chini.

"Hatusikii huku nje!" alipiga kelele kuli mmoja.

"Kwenu ni hapa!" alisema mzee Amon, na safari hii hata waliokuwa relini waligeuka. "Ni hapa Igalula, na nilikukosea!"

Reveriani alitikisa kichwa kukubali. Akavuta kiti, akakaa na wajumbe mezani.

"Tuandike oda. Meno bapa mawili, na kizuizi cha chuma nyuma yake, robota lisije likamwangukia dereva."

Getruda akachukua kalamu, akaandika.