Karamu za Abdiqani

Kila alasiri baada ya masomo, Hamdi alipitia kibanda cha chai cha Habaryar Sadia, mdogo wa mama yake, kando ya barabara kuu ya Modogashe. Huko alisuuza vikombe, akachochea makaa na kusikiliza mazungumzo ya madereva wa malori. Siku hizo walikuwa na habari moja tu: Abdiqani na karamu zake.

Abdiqani alikuwa ameingia mjini miezi mitatu nyuma, akafungua jumba la ghorofa lenye geti la kijani. Kila Alhamisi alichinja mbuzi wanne, akapanga sinia za wali uani na kumkaribisha kila mpita njia. Wengi walikula, wakafuta mikono, wakaenda zao wakimsengenya. Yeye alisimama kwenye roshani, amevaa kanzu nyeupe pe, akitazama kibanda cha chai ng'ambo ya barabara.

Hamdi aliliona hilo, wala halikumpendeza. Alijua kwamba miaka sita iliyopita Abdiqani alimposa Habaryar Sadia, na babu akamkataa kwa kuwa hakuwa na kitu. Sasa amerudi tajiri. Utajiri wa wapi? Dereva mmoja aliambiwa na Abdiqani kuwa ni dhahabu ya Dubai. Mwingine aliambiwa ni maduka ya nguo Nairobi. Hamdi mwenyewe alipopelekewa sahani ya nyama na kuuliza, alijibiwa ni ngamia waliouzwa Saudia.

"Habaryar, mali ya mtu mmoja inatokaje mahali patatu?"

"Kula nyama yako," alisema Sadia. Lakini yeye hakuigusa.

Alhamisi iliyofuata, Hamdi alizunguka nyuma ya jumba. Vichwa vya mbuzi vilikuwa juu ya gunia, na kila sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili. Mbuzi wa kununua sokoni huwa na alama za wafugaji mbalimbali. Hawa wote walitoka zizi moja.

"Mzee, mbuzi hawa ni wa nani?" alimuuliza Billow, mchinjaji.

Billow alitupia geti jicho kwanza. "Nenda nyumbani, mtoto. Nimeambiwa nisiseme."

Basi wameibwa, Hamdi aliwaza. Alirudi kibandani mbio, akamweleza Sadia na kumtaka waende kwa chifu.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Habaryar, mwizi huulizwa?"

"Kabla hujamwita mwizi, ndiyo, huulizwa."

Sadia alivua aproni, wakavuka barabara. Getini, Sadia aliuliza mbuzi ni wa nani, na Abdiqani akaanza kusimulia habari za Dubai. Alipoutazama uso wa Sadia, akaziacha.

"Jumba si langu," alisema polepole. "Mwenyewe yuko nchi za nje, mimi nimewekwa kulilinda. Mbuzi ni wangu. Niliwarithi kwa marehemu mama. Walikuwa sitini, wamebaki wanane."

"Umewamaliza kwa nini?"

"Ili uone kwamba sasa nina mali."

Sadia alinyoosha kidole kuelekea barabarani. "Kibanda changu kiko hatua thelathini kutoka hapa. Miezi mitatu hukuvuka kuja kuomba hata kikombe cha chai. Ungekuja na mbuzi wako na ukweli wako, ningesimama nawe mbele ya baba. Sasa sijui nizungumze na nani kati ya matajiri watatu uliowaunda."

Alhamisi iliyofuata hapakuwa na moshi. Waliokuja kula walikuta geti limefungwa, na Abdiqani akatoka kuwaambia ukweli. Waliondoka wakicheka. Jumamosi alimwachia mlinzi mwingine funguo, akapitia kibandani, akanywa chai na kuomba radhi. Mbuzi wanane walimngoja nje.

"Nenda ukawafuge," Sadia alimwambia. "Ukirudi, rudi ukiwa Abdiqani."

Hamdi alimtazama akitokomea kwenye vumbi la barabara ya Isiolo. "Nilidhani ni mwizi," alisema kwa aibu.

"Shaka yako haikuwa mbaya," Sadia alimjibu. "Ilikuonyesha kwamba pana uongo. Ilikosea pale ilipojijibu yenyewe. Ukimshuku mtu, muulize. Na usijipambe kwa kisicho chako ili upendwe, mwanangu, kwa sababu atakayekupenda atakuwa amempenda mtu ambaye hayupo."