Pembe ya Msaragambo

Gari moshi la kutoka Moshi lilikuwa limechelewa, na stesheni ya Same ikafurika watu. Ilikuwa siku ya gulio. Wanawake wa milimani walikalia mikungu yao ya ndizi, wafugaji wa tambarare walisimama kwa mguu mmoja ndani ya shuka nyekundu, na vumbi liliingia kwenye chai ya kila mtu bila kubagua.

Katikati ya watu hao alikuwapo Yudith, mwalimu wa shule ya misheni ya Mrindi, kijiji kilicho juu kabisa, kupita Chome, pale mawingu yanapoanzia. Alivaa gauni la bluu lililopauka kwa kufuliwa, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vyeusi alivyovibeba mkononi njia nzima na kuvivaa pale chini ya mlima ili visichakae. Alikuja kuchukua sanduku la vibao vya kuandikia.

Gari lilipofika alilipata sanduku lake, akaliinua, na kamba ikakatika. Kabla halijaanguka, mikono miwili ililidaka upande wa pili.

"Pole, dada. Hivi vibao vikivunjika watoto wataandika kwenye viganja."

"Umejuaje kama ni vibao?"

"Kwa mlio wake. Nimelala na mlio huo mwaka wa nne sasa."

Alikuwa kijana mrefu, kaptula yake ya khaki imenyooshwa kwa pasi hadi mstari ukasimama. Soksi zake zilifika magotini, na moja ilikuwa imeshonwa kisiginoni kwa uzi wa kijani. Yudith aliuona uzi ule na moyo wake ukalainika kabla hajapata muda wa kuukataza.

"Naitwa Fanueli. Nafundisha shule ya serikali, hapa hapa Same."

Yudith akataka kulivuta sanduku lake. "Ile shule isiyo na sala?"

"Nani kakudanganya? Siku ya mtihani wanasali wote, kila mmoja kwa dini ya kwao. Kelele zake utadhani mnada."

Yudith alicheka, kisha akaziba mdomo haraka na kutazama nyuma.

"Na kwenu je?" Fanueli akaendelea. "Nasikia mtoto hafundishwi kujumlisha mpaka amalize nyimbo zote kitabuni."

"Wanajumlisha huku wanaimba. Tena wanajua kushona, kufua, na kumsalimia mkubwa. Wako wanajua nini?"

"Kiingereza, na kulima matuta. Kusalimia wanajua wakiwa na njaa."

Akalibeba sanduku hadi kwa muuza chai. Alimwachia Yudith ncha ya benchi yenye kivuli, naye alipoona jinsi macho ya dada huyu yalivyokuwa yakirukaruka kwa watu, akafanya jambo ambalo Yudith hakulisahau kamwe. Alihamia benchi lingine, akampa mgongo, akaendelea kuzungumza naye huku anamtazama muuza chai, kana kwamba hawajuani.

"Unamwogopa nani, Mwalimu?" akauliza, akipulizia kikombe.

"Koleta."

"Ndiye nani huyo? Mchawi?"

"Alikuwa mwalimu kabla yangu. Alionekana akitembea na kijana ambaye wazee hawajamtambua. Kanuni ya misheni inakataza; asubuhi yake godoro lake lilikuwa nje ya chumba cha misheni, kwenye umande. Mpaka leo sijui alikwenda wapi."

Fanueli hakutania tena. Alimlipia chai, akaondoka wa kwanza.

Hivyo ndivyo walivyopendana, mgongo kwa mgongo, gulio baada ya gulio. Pale ambapo Yudith hakuweza kushuka, salamu zilibebwa na Ernesta, mama muuza ndizi, ambaye hakuuliza neno wala hakutaka shukrani.

"Anasema soksi nyingine nayo imetoboka," Ernesta alileta siku moja. "Anasema hana mtu."

"Mwambie wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanajua kuziba. Alete soksi, ada yake ni kujifunza nyimbo."

"Haya. Mimi nitayasema haya yote huku nauza ndizi!"

Lakini Yudith akicheka mchana, usiku aliliota godoro la Koleta.

Tena kulikuwa na lile dirisha la darasani kwake. Shule ya misheni ilipokea watoto waliobatizwa au waliokuwa wakijifunza ubatizo, na waliobaki walikuwa wakija kusimama nje, wamejifunika migolole, wakasikiliza. Asubuhi za Mrindi zina baridi ya kuuma mifupa, lakini Yudith hakufunga dirisha lile hata siku moja. Wanafunzi wake walizoea. Wakati mwingine aliandika ubaoni kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika.

Siku moja ya gulio Fanueli alisahau kumpa mgongo. Alimjia uso kwa uso, meno yote nje.

"Serikali inafungua shule Mrindi! Na mwalimu wake ni mimi. Tutakuwa kijiji kimoja, mpenzi wangu!"

Yudith alirudi nyuma hatua moja, akitazama watu. "Ndilo ninaloliogopa," alisema.

Na hofu ile haikuwa ya bure. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, wazee wa kanisa walibaki, na mmoja wao alikuwa Nathanaeli, baba yake Yudith. Kwa Wapare kazi ya wote huitwa msaragambo. Pembe hupigwa mara moja, mlio mrefu usiokatika, na kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, iwe ni kuchimba mfereji, iwe ni kujenga. Shule ya misheni yenyewe ilijengwa hivyo. Sasa wazee wakakubaliana kwamba pembe ikilia kwa ajili ya shule ya serikali, watu wao wabaki ndani.

Yudith alikuwa anafagia kanisa. Vijana watatu walikuwa mlangoni, hawakumwona.

"Akija huyo mwalimu wao," mmoja alisema, "njia ya mwambani ina mawe mengi. Jiwe halina macho."

Wenzake wakacheka.

Jioni alitoka chumba chake cha misheni, akampelekea baba yake uji. "Baba, kwani shule mbili haziwezi kukaa kijiji kimoja?"

Mzee Nathanaeli aliuweka uji chini. "Mama yako alibeba mawe ya shule ile akiwa na mimba yako. Nikimwambia apumzike, anasema mtoto atasoma humu. Nikipita pale bado namwona na jiwe lake kichwani. Watoto wakihamia huko, Yudith, shule ile itabaki na buibui."

Yudith angeweza kusema yote pale. Alifungua mdomo, akaliona lile godoro, akaufunga.

Kulipokucha alimwahi Ernesta njiani. "Mwambie asipande siku ya msaragambo. Asipande kabisa."

"Akiuliza sababu?"

"Asiulize." Kwa maana kumtaja yule kijana wa mawe kungekuwa kueleza kwa nini yeye, mwalimu wa misheni, anayajali maisha ya mwalimu wa serikali.

Ernesta aliporudi hakuwa na utani. "Amenuna, mwanangu. Kasema, kumbe Yudith naye ananionea haya. Kasema mwambie nitapanda."

Siku yenyewe ukungu ulishuka kutoka msitu wa Shengena ukaifunika Mrindi yote. Yudith aliingia darasani, akaanza hesabu. Nje, migolole ya wale wa dirishani ilionekana kama vivuli. Alisikiliza. Hakuna pembe. Alimshukuru Mungu kwamba Fanueli hakuja, na palepale akaumia kwamba hakuja.

Ndipo pembe ikalia.

Haikuwa ndefu. Ilitoa mlio mfupi, ikanyamaza, mfupi tena, ikanyamaza, mfupi, mfupi. Watoto wakasimama wote bila kuambiwa, kwa sababu hakuna mtoto wa milima ya Upare asiyeujua mlio ule. Mlio mrefu ni kazi. Mlio wa vipande vipande ni maafa: nyumba inaungua, udongo umeporomoka juu ya watu, mtu ameanguka mwambani. Huo haukataliwi na mtu yeyote, awe na dini gani.

"Mwambani," Yudith alisema, na sauti haikuwa yake.

Alikimbia na chaki mkononi. Viatu vilibaki mlangoni. Alipita migombani akiita jina ambalo hakuwahi kulitamka kijijini, "Fanueli! Fanueli!", majani yaliyolowa yakimpiga usoni. Aliwaza ile soksi ya uzi wa kijani, imelala chini ya jiwe. Aliwaza: amekufa akidhani namwonea haya.

Kwenye kiwanja kitupu cha shule mpya, juu ya rundo la mawe, alisimama Fanueli mzima, mashavu yamemvimba, pembe mdomoni, akihema kama mtu aliyefukuzwa na nyati.

Yudith hakusimama. Alimrukia, akampapasa kichwa, mabega, mikono. "Umeumia wapi? Niambie! Wapi?"

"Sijaumia, mpenzi wangu. Yudith, mbona unatetemeka hivyo? Yudith?"

Basi neno lile, mpenzi wangu, likasikika na watu wote. Maana walikuwa wameshafika. Walitoka kwenye ukungu kutoka kila upande, wanawake na mablanketi, wazee na machela, na mbele kabisa, kuliko wote, wale vijana watatu wa mlangoni, wamebeba begani kamba za kumvuta mtu kutoka korongoni. Yule aliyesema jiwe halina macho alikuwa amechunika goti kwa kukimbia.

"Nani kafa?" aliuliza Mzee Nathanaeli, pumzi juu juu.

"Shikamoo, mzee. Hakuna aliyekufa. Nilikuwa naita msaragambo."

"Umeita msiba, kijana."

Fanueli akaitazama pembe kama iliyomng'ata. "Mimi ni mtu wa Ndungu, mzee. Huko chini kwenye mpunga tunaitana kwa kupiga debe. Mpigaji wenu kakataa kupiga, kasema nikitaka kupiga mwenyewe hanikatazi. Nikapuliza ule mrefu, pumzi ikakatika. Nikarudia, ikakatika."

Mwanamke mmoja aliangua kicheko, akakimeza. Hakuna mwingine aliyecheka, kwa sababu mwalimu mkuu wa misheni, Mwalimu Tumainieli, alikuwa amefika, na koti lake jeusi, na macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Yudith. Mkono ule bado ulikuwa umeshika shati la Fanueli.

"Yudith," aliita polepole. "Kanuni unaijua."

"Naijua, Mwalimu."

Baba yake akasogea karibu. "Huyu ni nani kwako?"

Hapo ndipo hofu ya Yudith ilipofika mwisho wake. Neno moja tu, simjui, na kesho angefungua darasa lake kama kawaida. Watu wote walikuwa wanamtazama mdomoni.

"Baba, ndiye niliyedhani amekufa," alisema. "Nimekimbia kutoka darasani mpaka hapa nikijua amekufa. Sitaki kukimbia hivyo mara ya pili."

Wale vijana watatu wakashusha kamba zao chini.

Fanueli aliishusha pembe chini kwa mikono miwili. "Mzee, mimi sikuja kuchukua mtoto aliye ndani ya shule yenu. Nimekuja kwa ajili ya wale wa dirishani. Yudith ndiye aliyeniambia habari zao. Anasema huwa anaandika kwa herufi kubwa."

Mzee Nathanaeli akageuka. Wale wa dirishani walikuwa wamemfuata mwalimu wao, wamesimama na migolole yao iliyolowa, miguu mitupu juu ya mawe.

"Baridi yote hii," alisema, si kwa mtu fulani. Kisha akaitazama ile machela tupu waliyoibeba. "Tumeshatoka nyumbani. Pembe ni pembe."

Akainama, akachukua jiwe, akaliweka juu ya machela. Yule kijana aliyechunika goti akashika upande wa pili. Si wote waliobaki. Karibu nusu waligeuka wakaenda zao bila kuaga. Lakini waliobaki walifanya kazi.

Mwalimu Tumainieli hakugusa jiwe. Alimnyooshea Yudith kiganja, na Yudith akaielewa ishara ile. Akampa ile chaki, iliyolowa jasho. Machozi yalimtoka wakati huo tu.

"Kesho usije," mwalimu mkuu alisema. "Godoro lako halitatolewa nje. Utahama kwa heshima, mchana, na watoto watakusaidia kubeba." Alipiga hatua, akarudi. "Darasa nitalichukua mwenyewe. Na dirisha nitaliacha wazi mpaka paa la shule ya hawa wa nje likamilike."

Mchana ukungu ulipoinuka, tambarare ya Same ikaonekana chini kabisa, na moshi wa gari moshi ukipita kama uzi. Yudith na Fanueli walikuwa wamebeba jiwe moja kubwa, yeye huku na huyu kule, kama lile sanduku.

"Nimekupotezea kazi," Fanueli alisema.

"Umenipotezea."

"Na bado umeshika upande wa pili."

"Tazama njia, utaniangushia mguuni."

Wakaliweka. Fanueli hakuliachia. "Yudith, nioe mimi. Yaani, nataka kusema, nikuoe. Pumzi tena imekatika."

Yudith alicheka kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, wala hakuziba mdomo. Ndani bado alikuwa anaogopa: hakujua atalala wapi mwezi ujao, wala baba yake atasema nini jioni mezani. Alimtazama mzee huyo, aliyekuwa amesimama kando na jiwe mikononi, akilipangusa udongo kwa kiganja kabla ya kulipanga.

"Njoo kwa baba Jumapili," alisema. "Njoo na wazee wako wa Ndungu, uvae ile soksi ya uzi wa kijani. Ila mkifika mlangoni, Fanueli, pigeni hodi kama watu wengine."