Bango la Kichocho

Kila siku akitoka shule, Sada alipitia kwenye chumba cha kazi cha mama yake, mtaani Butimba, akavua viatu mlangoni na kuosha brashi. Mama yake, Bi Yasmin, alikuwa mbunifu wa mabango. Alichora kwanza kwa mkono, kisha akamalizia kwenye kompyuta. Watoto aliowachora walijulikana mtaa mzima kwa macho yao makubwa ya duara na mashavu yaliyojaa.

Jumatatu moja Sada alikuta brashi zote zimekauka. Mama alikuwa amekaa tu, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama. Leo hukuchora?"

"Marahaba. Zahanati wamempa Jonathan lile bango la kuwaonya watoto juu ya kichocho cha ziwani. Amewaambia atalimaliza kwa siku moja, kwa akili mnemba."

Jonathan alifundishwa kazi na Bi Yasmin kwa miaka mitatu, kisha akafungua ofisi yake karibu na shule. Jumanne Sada alikwenda huko kutoa kopi ya zoezi la Hisabati. Bango lilikuwa wazi kwenye kompyuta. Sada alishtuka. Macho yale ya duara! Mashavu yale!

"Kaka Jonathan, hawa si watoto wa mama?"

Jonathan alicheka. "Niliipa mashine michoro yake ya zamani, ikajifunza. Mama yako anahangaika wiki nzima. Hii ni dakika mbili tu."

Hasira zilimpanda Sada. Alilitazama tena bango. Upande mmoja mtoto alikuwa akioga ziwani katikati ya matete, na juu yake palikuwa na alama ya vema, ya kijani. Upande wa pili mtoto alioga kwa maji ya bomba, na juu yake palikuwa na alama nyekundu ya kosa. Maneno ya chini yalikuwa sahihi, lakini alama zilikuwa zimebadilishana. Jonathan, aliyekuwa akizungumza na mteja mwingine, hakuona.

Sada alichukua kopi zake, akaondoka bila kumwambia. "Achapishe tu," alijisemea. "Ijumaa, siku ya uzinduzi wa kampeni ya zahanati, nitasimama mbele ya watu wote nimwoneshe kosa lake. Hakuna atakayempa kazi tena."

Mabango yalitundikwa Jumatano, moja likiwa kwenye ukuta wa shule. Sada alilipita akitabasamu. Hata kwenye foleni ya uji alikuwa akirudia kimoyomoyo maneno ya kumwaibisha Jonathan, akiyachagua yale makali zaidi.

Alhamisi jioni alipita njia ya ziwani. Odeta, mtoto wa jirani aliyekuwa darasa la kwanza, alisimama ndani ya maji na wenzake wawili, matete yakiwafika mabegani.

"Odeta! Tokeni! Hapo pana kichocho!"

"Hapana, dada Sada," Odeta alijibu kwa furaha. "Picha ya shule imeweka vema. Hapa panaruhusiwa!"

Sada aliingia majini na viatu vyake, akawatoa mmoja mmoja. Kisha akakimbia mpaka kwa mama yake na kumweleza yote.

"Uliona Jumanne?" mama aliuliza.

"Ndiyo. Nilitaka akomeshwe."

"Na leo ni Alhamisi." Bi Yasmin alijifunga ushungi, wakaenda kwa Jonathan.

Jonathan alipolitazama bango vizuri, alikaa chini. "Mama Sada, nisamehe. Wateja wanataka haraka. Nilitaka mkono wako bila wewe mwenyewe."

"Nilipoyaona macho yale ukutani tukija hapa, niliona kama mtu amevaa nguo zangu na kutembea nazo mjini," alisema Bi Yasmin. "Kesho utawaambia watu ni michoro ya nani. Sasa twende tukayatoe hayo mabango."

Ijumaa Jonathan alikiri mbele ya wote kwamba michoro ilikuwa ya Bi Yasmin na kosa lilikuwa lake. Sada alikuwa ameingoja saa hiyo kwa hamu. Lakini Dorotea, nesi wa zahanati, aliyekuwa ameelezwa yote na Bi Yasmin, akamwita naye aseme alichokijua. Sada alisema kwamba aliliona kosa tangu Jumanne, huku mama yake Odeta akimkazia macho, na yale maneno makali hakuyakumbuka hata moja.

Wiki sita baadaye watoto wale watatu walipimwa, na Sada pia. Odeta peke yake alikutwa na kichocho, akapewa dawa, na baadaye akapona. Siku hiyo ya kupimwa, walipokuwa wakirudi nyumbani kutoka zahanati, Bi Yasmin alimshika Sada bega.

"Mimi pia nilikuwa na hasira, na haki yangu nimeidai mbele ya watu. Mashine hiyo hata mimi naitumia kujaribu rangi. Lakini kila alama naikagua, maana yupo mtoto atakayeiamini. Kisasi chako kilimtafuta Jonathan, kikampata Odeta. Mashine ilikosea bila kujua, mwanangu. Wewe ulijua."