Vifungo vya Joho la Lalla Zhor

Kifungo kilikuwa na joto. Rqia alikiweka juu ya goti akakitazama, kwani mvua ilikuwa imeunyeshea mji wa Sefrou tangu alfajiri na chumbani hapakuwa na moto. Hata hivyo kile kijifundo cha hariri, kisichozidi punje ya mbaazi, kilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

Kilikuwa cha kwanza kati ya vifungo kumi na kimoja vya joho la Lalla Zhor, aliyekuwa akimwoza mwanawe. Jana yake mama huyo alikuwa amepangua kisanduku kizima cha mifano ya vifungo vya Rqia.

"Hivi vya dhahabu vinang'aa kama meno ya bandia," alisema. "Na hivi vya duara, hata muuza samli anavyo. Nataka kama hivi." Akamwekea Rqia mapajani joho kuukuu la marehemu mama yake yeye Zhor, lenye vifungo vya umbo la waridi lililofumba. "Rangi iwe ya komamanga. Na vitanzi uvisuke mwenyewe."

"Lalla, mkono ulioliweza waridi hili umeshazikwa."

"Basi ufukue, mwanangu. Harusi ni Jumatatu."

Rqia alifumua waridi moja, akajifunza njia ya sindano. Lakini Ijumaa hiyo adhuhuri ilimwishia ile karatasi ya mifuko ya saruji ambayo wafuma vifungo huisokota iwe kiini, na maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya sala. Ndipo vidole vyake vilipogusa kitu kigumu ndani ya ukosi wa joho kuukuu: karatasi iliyokunjwa, yenye maandishi ya zafarani yasiyosomeka. Aliyajua maandishi ya namna ile, nani asiyeyajua? Moyo ulimwambia aiache. Haraka ikamfumba macho. Aliikata vipande kumi na viwili, kimoja kikiwa cha akiba, na kwa kuwa alikuwa amebana sindano midomoni, hakulitaja jina la Mwenyezi Mungu.

Chumba cha pili alilala Batoul, mke wa kaka yake, ambaye uchungu ulikuwa umemwanza asubuhi ile. Rqia alipokaza kile kifungo cha kwanza, sauti ilimjia kupitia ukutani.

"Wifi! Uchungu umekatika ghafla."

"Anajinyoosha tu huyo. Kachukua uvivu wa baba yake."

Wakacheka wote wawili. Kwenye kifungo cha nne Batoul hakucheka tena.

"Wifi, mtoto hachezi."

Jioni vifungo vilikuwa kumi na kimoja, navyo vyote vina joto. Kile kipande cha akiba hakikuonekana. Rqia aliinua mkeka, akakung'uta gauni lake, kisha akajiambia kimefagiliwa.

Jumamosi harufu ya sufu mbichi inayoungua ilijaa nyumbani, ingawa jiko lilikuwa baridi, na kila Rqia alipopita mlangoni kwa Batoul alisikia mlio alioujua kuliko sauti ya mama yake, mlio wa uzi wa hariri unaovutwa taratibu na kukazwa, ukitoka si ukutani wala chini ya kitanda bali ndani ya tumbo la yule mwanamke aliyelala akitokwa na jasho, macho yake yakiwa darini, mikono yake ikitafuta cha kushika, hata Rqia akaziba masikio na bado akausikia, kwa maana sasa ulikuwa katika vidole vyake mwenyewe, vilivyokuwa vikikunjuka na kukunjika juu ya uzi usiokuwapo.

Mkunga Itto alitoka akifuta mikono. "Tumbo limefungwa kama gunia. Miaka arobaini nazalisha, sijaona hili. Mwiteni fakihi, upesi, wote wawili wasije wakatutoka."

Sidi Abdeslam, fakihi wa mtaa, alikuja na fimbo yake, akaketi nje ya pazia la mzazi. Aliviona vile vifungo karibu na Rqia, akakinusa kimoja, kisha akamtazama, naye Rqia akaanguka magotini na kueleza habari za ukosi.

"Mama yake Zhor hakuzaa tena baada ya Zhor," mzee alinong'ona. "Mke mwenza alimfungia tumbo kwa karatasi hii. Umeipakata shirki, binti yangu, ukaivisha hariri." Kisha sauti yake ikalainika. "Mlango wa toba uko wazi. Niambie kweli: ulikata vipande vingapi?"

Nyuma ya pazia Batoul alipiga ukelele. Akilini mwake Rqia aliwaona wakianza kukitafuta kile kipande kilichopotea, na saa zikipita, na ukelele ule ukinyamaza.

"Kumi na kimoja, Sidi."

"Alhamdulillahi. Sura mbili za kinga zina aya kumi na moja."

Akasoma. Kwa kila aya Rqia alifumua kifungo kimoja, na kila karatasi ilitoka nyeupe, haina herufi hata moja. Kwa aya inayotaja wapulizao mafundoni, harufu ilikatika. Kwa ya nane uchungu ulirudi. Kwa ya kumi na moja mtoto alilia, na fakihi akasujudu palepale sakafuni.

"Wa kike!" Itto alisema kwa furaha. Halafu akashusha sauti. "Rqia, njoo. Huyu sijamfunga kitovu bado. Nani kakifunga?"

Rqia alifunua shuka. Juu ya tumbo dogo palikuwa na fundo jekundu kama komamanga, waridi lililofumba, lililomaliziwa kwa mkono wake mwenyewe. Aliligusa. Lilikuwa na joto, na katikati yake palikuwa na kitu kigumu, kilichosokotwa.

"Sidi!" alipiga kelele. "Vilikuwa kumi na viwili! Nilidanganya, vilikuwa kumi na viwili!"

Akausikia uzi ukikazwa, na mtoto akaacha kulia.