Flashi ya Mwisho kwa Muharami

Msimu wa kahawa ulikuwa umekolea Mbinga, na duka la Muharami lilijaa watu mpaka ngazini. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kulipa, kwa hiyo kila mtu alitaka kitu: redio, betri, simu ya mkononi, shuka la maua. Edina alijipenyeza mpaka kaunta, sketi yake ya kitenge cha njano ikinasa kwenye kreti la soda, akampa mzee wa duka shikamoo yake, akaulizia flashi. Ilikuwa imebaki moja, ya bluu, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Alipoinyooshea mkono, mkono mwingine ulikuwa umeshaishika.

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu aliyevaa shati jeupe la mikono mifupi. Katika baridi ile ya Julai, wenyeji walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti. Edina akajua huyu ametoka ziwani, kwenye joto.

"Samahani dada, mimi nimetoka Lituhi kuja kufuata hii."

"Na mimi nimetoka mtaa wa pili. Ila nimewahi kusalimia."

Muharami alisema yeye kazi yake ni kuuza, kuhukumu hajui. Kijana akamuuliza Edina flashi ni ya nini. Edina akaeleza kwamba kompyuta ya steshenari yake ilikuwa imekufa, ikiwashwa inaonyesha weusi mtupu, na kadi za harusi za watu zimo ndani. Fundi mmoja alimwambia atafute flashi, basi.

"Flashi tupu haifufui kompyuta," kijana akasema. "Niachie hii, nami nitaiamsha mashine yako leo hii."

"Isipoamka?"

"Nitakuachia shati hili, nirudi Lituhi kifua wazi."

"Kwa baridi hii hata Kigonsera hufiki," Edina akasema, lakini mkono wake ulikuwa umeshaiachia flashi.

Aliitwa Mansuetus. Alikuwa fundi wa kompyuta za zahanati na shule za mwambao wa ziwa, kuanzia Lituhi mpaka Chiwanda. Pale steshenari alifungua laptopu yake nzito, akaeleza kwamba anayo picha ya diski, yaani mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta uliokunjwa ndani ya faili moja. Kunakili faili hilo kama barua hakusaidii. Lazima liandikwe kwenye flashi kwa amri, toka mwanzo wa flashi mpaka mwisho, ndipo mashine inaweza kuwashwa kwa flashi hiyo. Akaandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi, akabonyeza. Baada ya chai, kompyuta ya Edina iliamka kwa ile flashi ya bluu, na kadi za harusi zikatolewa zote salama. Shati halikuvuliwa. Lakini kuanzia siku hiyo Edina alipenda kuliangalia, na mwenye shati alikuwa haishiwi sababu za kupanda Mbinga.

Walipendana kwa simu zaidi kuliko kwa macho. Mansuetus alipanda kilima kidogo nyuma ya zahanati kutafuta mtandao, akapiga.

"Mama kitenge, umekula?"

"Nimekula ugali na dagaa wako wa usipa. Usipa umekwisha, umebaki mchanga."

"Huo mchanga ni wa ziwa langu. Utafune, uzoee."

"Nizoee, kwani nahamia?"

Hapo Mansuetus alikuwa akicheka tu, halafu anasema salio linakwisha.

Krismasi alikwenda nyumbani kwa bibi yake Bonifasia, aliyemlea tangu akiwa hajui kutembea. Januari aliporudi alimkuta Edina amechoka kumpigia kila kompyuta ya ofisi fulani inapokufa, akaamua kumfundisha amri ile. Alimfundisha kwanza upande usio na hatari: kusoma flashi nzima na kuihifadhi kwenye kompyuta kama faili moja. Alimpa flashi yake ya bluu ya kufanyia zoezi, na Edina akaandika, akakosea, akaandika tena mpaka vidole vikazoea. Kisha akamwachia picha ya diski, akamfundisha kuiandika kwenye flashi za wateja.

"Kusoma hakuharibu kitu," Mansuetus alimwambia. "Kuandika ndiko kwa kuogopwa. Amri hii haiulizi kama una uhakika. Ukiitajia mahali pasipofaa, inaandika hapo hapo, na kilichokuwapo kimekwenda."

Kwenye Kwaresima Bibi Bonifasia alifariki. Edina alishuka Lituhi kwa mazishi, khanga mbili kiunoni, akapika na wanawake wa Kinyasa aliokuwa haelewi nusu ya maneno yao. Baadaye Mansuetus alimvalisha ile flashi shingoni. Alisema bibi hakuacha hata picha ya kueleweka. Kilichobaki ni sauti yake, aliyoirekodi kwa simu Krismasi ile akaihifadhi humo baada ya kuifuta ile picha ya diski, na simu yenyewe ilishaanguka ziwani. Yeye kila siku yumo kwenye mitumbwi na mifuko yake hulowa kila mara. Heri ikae Mbinga.

"Nitunzie. Ila usisikilize. Utaisikia siku yake."

Sasa mwambie mwanamke usisikilize, uone. Edina alijitahidi mpaka Mei. Asubuhi moja umeme wa jenereta la mji ulipowaka, aliichomeka flashi ya bluu, akainama atafute lilipo faili. Kabla hajalifungua akaingia Antoni, wakala wa kampuni moja ya kahawa, kavaa koti la ngozi, na laptopu yake imegoma kuwaka. Alitaka flashi aliyokuja nayo igeuzwe ya kuwashia, na alikuwa na haraka. Edina akachomeka flashi ya Antoni pembeni ya ile nyingine, akaandika mstari wake kwa mazoea, akataja mahali pale pale alipozoea kupataja, akabonyeza.

Amri haikuuliza. Mashine iliipa flashi iliyotangulia jina lile la siku zote, na flashi ya pili ikapewa jina jingine. Edina alilitambua hilo pale flashi ya Antoni ilipokataa kuwasha laptopu. Alichomoa ya bluu, akaijaribu huku akiomba isiwake. Ikawaka vizuri kabisa. Mfumo wa Antoni ulikuwa umeandikwa juu ya sauti ya Bibi Bonifasia.

Alikaa chini. Antoni alimuuliza kama anaumwa, akasema ndiyo. Wakati huo huo simu ililia, jina la Mansuetus likawaka kwenye kioo. Edina alimsukumia Antoni simu, akamnong'oneza aseme hayupo.

"Edina hayupo," Antoni akasema kwa sauti yake nene, na nyuma yake Edina akakohoa.

Kule kilimani Mansuetus alikisikia kikohozi. Anakijua. Alikata simu bila kuuliza huyo mwanamume ni nani, akajijibu mwenyewe, na majibu ya namna hiyo huwa hayana huruma. Alipiga tena jioni, kesho yake, na kesho kutwa. Edina aliiangalia simu ikilia mpaka inanyamaza. Kila siku alipanga kusema, na kila siku aliona maneno yenyewe hayasemeki: nimeifuta sauti ya bibi yako, na niliichomeka kwa sababu nilikuwa nachungulia. Alikonda. Mama yake alimuuliza kama ana mimba.

Mansuetus alifika bila taarifa, juu ya lori la usipa, shati lile lile jeupe limejaa vumbi. Alisimama mlangoni pa steshenari, salamu hakutoa.

"Nimekuja kuchukua flashi yangu," akasema. "Mwenye koti la ngozi nimeshaambiwa. Sitaki maelezo."

Edina alivua kamba shingoni, lakini hakumkabidhi.

"Antoni ni mteja. Mimi ndiye niliyemwambia aseme sipo." Akaifumbata flashi. "Mansu, bibi hayumo humu. Nimemfuta kwa kuandika juu yake. Nilitaka kusikiliza, mteja akaingia, nikataja mahali pasipofaa. Nichukie, lakini usinichukie kwa sababu ya Antoni."

Mansuetus aliketi kwenye kiti cha wateja. Aliikazia macho flashi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa mara ya pili, na Edina alilia akiwa amesimama, bila kujifunika.

Halafu Mansuetus akainua kichwa.

"Januari, ulipojifunza kusoma. Ulisoma flashi ipi?"

"Hii. Si ulinipa wewe?"

"Na lile faili uliliweka wapi?"

Edina akajifuta macho. Lipo, liliitwa "jaribu", lilikuwa linamjazia nafasi bure. Juzi tu alitaka kulifuta, ikawa umeme umekatika.

"Basi bibi yumo ndani ya jaribu," Mansuetus akasema. "Nilimrekodi Krismasi. Ulimsoma mzima, mama kitenge. Ungepokea simu ningekwambia siku ile ile."

Alimsogezea kibodi alirudishe lile faili kwenye flashi. Edina alikataa. Akasema aandike yeye mwenye ufundi.

"Andika wewe," Mansuetus akasema. "Flashi ni moja tu, nyingine haipo. Soma unachoandika."

Aliandika herufi moja moja, akausoma mstari kwa sauti, akabonyeza. Wakasubiri, mabega yamegusana. Mwishoni Mansuetus alifungua faili, na bibi akakohoa ndani ya spika. Kisha akaanza kusema Kiswahili, bibi ambaye maisha yake yote alizungumza Kinyasa tu, akilitafuta kila neno ili Wamatengo wa Mbinga wamwelewe.

"Wazazi wa Edina, hodi. Mimi Bonifasia wa Lituhi. Miguu yangu haipandi tena milima yenu, natuma mdomo. Mjukuu wangu huyu anamtaka binti yenu, nami namtaka. Mkiona tunafaa, tupeni. Tutamtunza." Akapumzika kidogo, kisha ikasikika sauti ya kucheka. "Na wewe Edina, kama unanisikia kabla ya baba yako, basi umechungulia. Hata mimi ningechungulia."

Edina alificha uso kwenye lile shati lenye vumbi, akicheka na kulia kwa pamoja. Mansuetus alimuuliza wapeleke posa lini.

"Kwanza nakala," Edina akasema. "Twende kwa Muharami kabla hajafunga."