Ngozi Mbili za Jiliwa

Kila siku baada ya masomo, Lusia alipita kwenye karakana ya marehemu baba yake, Emilian, karibu na soko la Karatu, akafagia vumbi la chuma. Sasa kazi ilifanywa na baba yake mdogo, Hilary. Mezani palifungwa jiliwa, chombo cha kubania vitu, ambalo meno yake yalikuwa yamelika.

"Kama ya bibi yako," Hilary alizoea kusema. "Linaweza ugali tu."

Emilian alijua dawa yake. Alikata vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe, akavikunja juu ya taya za jiliwa, na kitu hakikuteleza wala kuumia. Tangu mazishi, ngozi hizo hazikuonekana. Hilary aliuliza mara mbili, na mara mbili Lusia akajibu kwamba hajaziona. Basi Hilary akaamini zitajitokeza, asitafute nyingine.

Zilikuwa chini ya mto wa Lusia. Zilinuka mafuta ya mashine na jasho, kama mikono ya baba yake, na kila juma harufu ilipungua.

Siku ya mnada alifika mzee Sironka kutoka Ngorongoro, akiwa na mkuki alioachiwa na baba yake. Chuma kilikuwa kimelegea kwenye mpini. Mti wake ulikuwa laini, umesuguliwa na kiganja kimoja kwa miaka mingi.

Hilary aliubana kwa kadibodi, ukazunguka. Akajaribu mpira wa tairi, ukazunguka tena. Lusia alisimama na ufagio wake. Nyumbani hapakuwa mbali, lakini hakwenda kuzileta ngozi. Mwishowe Hilary akapanga vipande vya tupa kuukuu vyenye meno makali, ambavyo hutumika kubania chuma, akakaza. Mpini ukatulia. Alipoufungua ili augeuze, ulikuwa umeng'atwa pande zote mbili.

Mzee Sironka alipitisha kidole gumba juu ya alama zile. Hakugomba.

"Hapa ndipo mkono wa baba ulipokuwa," alisema.

Lusia aliweka ufagio chini, akakimbia. Aliporudi aliziweka ngozi mezani, akasema yote huku akilia. Hilary aliinua kipande kimoja, akakisogeza puani. Emilian alikuwa kaka yake.

Kisha akazivisha taya zile ngozi na kumaliza kazi, mpini haukutikisika. Alipochukua msasa ili afute alama, mzee alimzuia. Ukizisugua hizo, alieleza, utausugua na ulaini alioacha baba.

Mzee alipokwisha kuondoka, Hilary alimketisha Lusia kando yake.

"Mwanangu, kumlilia baba yako si kosa. Mimi pia namlilia. Ungeniambia unazo, ningekuachia ulale nazo, nami ningekata nyingine. Lakini ulinificha kweli, na uongo wako umekwenda kuuma kumbukumbu ya baba wa mtu mwingine. Alama zile hazitafutika."

Lusia aliitikia kwa kichwa. Jioni hiyo aliziacha ngozi kwenye jiliwa, akaenda kulala bila kitu chini ya mto.